Sinia Lililorudishwa kutoka Kisiwa Panza

Kengeja,
Jumamosi, tarehe 4 Oktoba, baada ya sala ya alasiri.

Mwanangu Shaame,

Assalamu alaikum. Naahidi kukwambia yote katika barua hii, tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kuruka pale ninapoonekana mjinga. Ndiyo maana naandika kwa wino. Ingekuwa penseli ningekwisha kuifuta.

Kesho asubuhi gari litakuchukua hapa barabarani mpaka Mkoani, meli itakuchukua Mkoani mpaka Unguja, na kutoka Unguja utavuka kwenda bara kusomea ualimu wa fizikia, miaka mitatu. Mambo ya chandarua, ya kuficha simu, ya kutokula chakula cha jana na ya kusali kwa wakati ameshakwambia mama yangu. Kakwambia mara tatu, na mara ya tatu alikushika sikio. Mimi siyarudii. Mimi nina langu, nalo ni hili: posa yako kwa Saada imesimama, na aliyeisimamisha ni mimi mamako. Uliambiwa kwamba Bi Time, bibi yake Saada, ana homa na jibu litachelewa. Bi Time hana homa. Bi Time ana afya kuliko mimi.

Barua hii nitaitia katikati ya yale mashati yako mawili meupe, ili uione ukifungua begi kutafuta kofia. Wakati huo utakuwa uko baharini na hutaweza kurudi kunigombeza. Hiyo ni hila, nakiri. Lakini nimeahidi yote, na hila nayo imo katika yote.

Mwalimu Nassra, anayetufundisha fizikia Kidato cha Tatu, anasema maandishi mazuri ni yale ambayo hata mgeni akiyaokota njiani atayaelewa. Kwa hiyo nitaeleza hata unayoyajua, univumilie. Wewe ni ami yangu, ndugu mdogo wa baba yangu Hamad. Una miaka ishirini na moja na mimi kumi na sita. Lakini mimi ndiye mama yenu nyote wawili, kwa sababu nimepewa jina la marehemu mama yenu, Bi Mize, aliyefariki wiki mbili kabla sijazaliwa. Mwenye jina ndiye mwenye nafasi. Basi nina wana wawili wa kiume, na mmoja ana mvi.

Umama huu umenipa raha nyingi kuliko ninavyostahili. Baba hawezi kunigombeza akamaliza. Huanza kwa sauti kubwa, "Wee Mize," kisha hukumbuka anasema na nani, humalizia kwa sauti ya chini, "mama, hebu iondoe hii sufuria njiani." Na wewe, mwanangu, wananisimulia kwamba ulipokuwa na miaka mitano ulikuwa ukija kwenye susu, kitanda cha kuning'inia nilicholazwa, na kuomba ruhusa. "Mama, niende pwani?" Nikirusha mguu ilikuwa ndiyo. Nikilala ilikuwa ndiyo vilevile. Mara moja tu nilikunyima. Nililia, na siku hiyo hukwenda pwani, ukakaa chini ya susu mpaka adhuhuri na wenzako wakaja kukuchungulia. Nilikuwa mama wa siku arubaini na tayari natiiwa.

Pengine hapo ndipo kosa langu lilipoanza. Mtu anayetiiwa kabla hajaota meno huja akadhani kila asemalo lina uzito. Na kweli lina uzito. Ila uzito si usahihi, na hilo nimelijua wiki tatu tu zilizopita.

Sasa inabidi nikueleze habari za ulimwengu, kwa sababu bila hizo hutaelewa nilivyokuharibia. Utakwenda kuzisoma huko kwa urefu, lakini zisome kwanza kwa mamako.

Mwalimu Nassra alitufundisha kwamba walikuwepo wataalamu waliosema ulimwengu ulikuwa hivi ulivyo siku zote, hauna mwanzo, na kadiri unavyotanuka vitu vipya huzaliwa kujaza nafasi. Na walikuwepo waliosema, hapana, ulikuwa na mwanzo. Ulikuwa mdogo na wa moto kupita kiasi, kisha ukatanuka, na unatanuka mpaka hivi leo, ukipoa njiani. Wakabishana miaka mingi. Waliosema una mwanzo ndio waliopata ushahidi. Galaksi, yale makundi makubwa ya nyota, zinakwenda mbali nasi, na mwanga wake unatufikia ukiwa umevutika kuelekea wekundu. Tena lile joto la mwanzo halijaisha. Limebaki dogo sana, kila upande unaouelekea mbinguni, kama mawe ya jiko yanavyobaki na uvuguvugu asubuhi yake.

Nadharia hii wanaiita Mlipuko Mkuu, na jina hilo lilinitia matatani siku ya kwanza. Nilimweleza baba akiwa anashona wavu.

"Mlipuko," akasema. "Baruti?"

"Mlipuko tu, baba. Mkubwa kupita yote."

"Nani kapiga?"

"Hakuna aliyepiga."

"Baruti haijipigi, mama. Na sheha kapewa habari?"

Nilirudi shule na swali lake. Mwalimu Nassra akanambia kosa ni langu, baba hana kosa. Mlipuko ule haukutokea mahali fulani, ukarusha vitu gizani kama baruti inavyorusha maji. Nafasi yenyewe ndiyo iliyotanuka. Hakuna pale palipokuwa katikati. Kila mahali ndipo. Nikarudi kwa baba, nikamweleza.

"Basi hata hapa Kengeja?"

"Hata hapa Kengeja."

Akautazama ule ufa wa ukuta wa jikoni kwa muda. "Ndo maana," akasema, akaendelea kushona.

Nilimuuliza na maalim wetu wa chuo cha Kurani, maana sikutaka kubeba jambo zito hivi bila idhini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Aliyeumba anajua alivyoumba. Wewe ukiambiwa utazame, tazama. Ila kipindi cha sala kisikupite." Nikatazama, na vipindi sikuvikosa, isipokuwa kimoja, na hicho nimekilipa.

Kwa maonesho ya sayansi ya shule nilichaguliwa kuonesha kutanuka kwa ulimwengu. Mwalimu alisema inaweza kuoneshwa kwa unga uliotiwa hamira na zabibu kavu. Unga ni nafasi, zabibu ni galaksi. Nikafanya kwa mkate wa kumimina, wa mchele na nazi, kwa kuwa ndio niujuao. Uji wa mchele ni mwepesi. Galaksi zote zikazama chini ya sufuria, zikaungua. Ulimwengu wangu wa kwanza uliliwa na kuku.

Wa pili nikaukanda kwa unga wa ngano, mgumu kidogo. Nikazipanga zabibu juu, nikapima kwa rula. Unga ulipoumuka nikapima tena. Zabibu iliyokuwa karibu ilikuwa imesogea kidogo, na iliyokuwa mbali ilikuwa imesogea zaidi. Na ukichagua zabibu yoyote ukajifanya umekaa juu yake, utaona ni zile nyingine ndizo zinazokukimbia, na wewe umetulia. Nilikaa mbele ya bakuli lile nikicheka peke yangu. Sijawahi kuona jambo kubwa likikubali kuingia katika chombo kidogo namna ile. Nilitaka kumwambia kila mtu. Ndivyo nilivyokuwa siku tulipokwenda Kisiwa Panza, kwa kina Saada.

Siku ile wewe ulikuwa Chake unafuatilia vyeti. Wanaume walikuwa wameshapeleka barua ya posa, na zamu ilikuwa ya wanawake kupeleka mkate. Nyumba ile ina desturi yake. Mkate unapelekwa mzima katika sinia. Bibi mkubwa wa nyumba humuuliza mama wa mume swali moja, mama hujibu mbele ya wote, na jibu likipendeza bibi huukata mkate kwa mkono wake. Ukikatwa, basi posa imekubaliwa. Wengine waliniona ni mdogo, wakataka shangazi aseme kwa niaba. Bi Time mwenyewe alituma neno, "Nataka aje mwenye jina."

Mama yangu alinifundisha jibu tangu Kengeja mpaka tunapanda boti ya kuvukia.

"Ukiulizwa atarudi, useme nini?"

"Atarudi inshallah. Na asiporudi nitakuja kukaa hapa mwenyewe badala yake."

"Tena."

"Atarudi inshallah."

"Na hilo bakuli la nini?"

Nilikuwa nimebeba bakuli la unga mapajani, limefunikwa kitambaa. Maonesho yalikuwa Jumatatu, na ilinibidi kupima kila nusu saa nijue kasi yake.

"Unga unakwenda posani?" akauliza mama.

"Hamira haingoji, mama."

Akatazama bahari, akamwomba Mungu jambo ambalo sikulisikia.

Tulipokelewa vizuri mno. Wanawake kumi hivi ukumbini, halua, kahawa, na Bi Time amekaa juu ya mkeka mpya, mdogo wa mwili, mkavu, na macho yake hayakosi kitu. Saada alikuwa chumba cha pili, mlango umeachwa wazi kidogo kama inavyotakiwa. Macho ya Bi Time yakatua kwenye bakuli kabla ya sinia.

"Mama mtu kaja na nini tena?"

"Ulimwengu, bibi," nikasema.

Wakacheka, wakataka kuuona. Nikafunua. Ndugu yangu, mwanangu, ami yangu, sijui nikuite nani hapa: niliwaeleza wote. Nilipima kwa rula mbele yao. Walisogea. Mmoja alinishikia kitambaa. Bi Time aliuliza maswali mazuri kuliko darasa letu zima.

"Na bakuli ndio nini?"

"Ulimwengu hauna bakuli, bibi."

"Basi unga si utamwagika?"

"Hakuna pa kumwagikia. Nafasi yote ni unga."

Akafikiri, akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyeoneshwa kitambaa kizuri lakini hajakinunua. Kisha akatengeneza ukaya wake kichwani na ukumbi ukanyamaza. Nikajua wakati umefika.

"Haya, mama mtu. Mwanao anakwenda mbali. Atarudi?"

Jibu lilikuwa mdomoni, mwanangu. Naapa lilikuwepo. Lakini Mwalimu Nassra ametufundisha tangu Kidato cha Kwanza kwamba tusiseme tusichokuwa na ushahidi nacho, na rula ilikuwa bado mkononi mwangu. Nikaona haya kumdanganya mtu aliyeuliza maswali mazuri vile. Nikasema:

"Bibi, nimewaangalia watu wa Kengeja waliokwenda kabla yake. Waliokwenda Wete wanarudi kila wiki. Waliokwenda Unguja wanarudi sikukuu. Waliokwenda bara wanarudi mazikoni. Na aliyekwenda Uarabuni anatuma picha. Kwa hiyo, kwa ushahidi tulionao, kadiri mtu anavyokuwa mbali ndivyo anavyozidi kwenda mbali. Ni kama zabibu."

Nilisema kwa sauti nzuri, kama ya maonesho. Na niseme kweli, kwa nukta moja nilisubiri kupigiwa makofi.

Nilichosikia ni kijiko cha mtu kikigonga kikombe. Mama yangu alikuwa amejifunika uso kwa buibui lote. Bi Time alinitazama, si kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Akachukua kawa, akalifunika sinia taratibu, akalisukuma kuja upande wetu.

"Mama mtu kasema," akasema.

Na kweli alikuwa amesema. Angelisema shangazi wangelicheka, wakasema mzee kachanganya. Angelisema mtoto tu wangelimpa halua anyamaze. Lakini aliyesema ni Bi Mize, mama wa mume, kwa kinywa chake. Kama mama mwenyewe hana uhakika na mwanawe, nani mwingine awe nao?

Tukarudi na sinia. Nahodha wa boti, mwenye macho ya kuona kila kitu isipokuwa njia, akauliza, "Mbona mkate umerudi?" Mama akamjibu, "Umesahau kitu." Jua lilikuwa kali, na unga ukaendelea na kazi yake. Ukapanda, ukakitoa kitambaa, ukamwagika mapajani mwangu na juu ya buibui la mama. Bi Time alikuwa sahihi hata katika hilo.

Sasa nakwambia lililo baya zaidi, kwa kuwa nimeahidi. Jioni ile uliporudi kutoka Chake ulikuta mkate mezani. Ulikula vipande vinne. Ulisema mkono wa mama yangu umezidi siku hadi siku, na ukauliza kuna sherehe gani. Ulikuwa unakula posa yako. Sisi tulikuwa tunakutazama, na baba alitoka nje akajifanya anaita kuku.

Wakubwa wakakubaliana usiambiwe, usafiri na moyo mweupe. Mimi nikatiwa adabu ya kimya, ambayo katika nyumba yetu ni kali, kwa sababu wote ni wasemaji.

Jumatatu nilikwenda kwenye maonesho na unga mwingine, nikapata sifa, na sifa zenyewe zilikuwa chungu. Baadaye nikamwambia Mwalimu Nassra kwamba nimegundua sheria ya kutanuka inafanya kazi hata kwa watu. Nikamtajia Wete, Unguja, bara, Uarabuni. Nilitaraji angalau yeye ataona uzuri wake. Akavua miwani.

"Mize, umesahau mvutano."

Nikafungua daftari.

"Sheria ile ni ya vitu ambavyo havikushikana," akasema. "Vilivyoshikana kwa mvutano havitengani hata nafasi itanuke vipi. Mwezi haujatukimbia kwa ajili hiyo. Sayari hazijaliacha jua. Tena ipo galaksi kubwa, jirani yetu, inakuja upande wetu hivi tunavyozungumza. Zabibu mbili ulizozibandika pamoja ziliachana?"

Sikuwa nimebandika zabibu mbili pamoja. Niliziweka mbalimbali, kwa rula, kwa kuwa zilipendeza hivyo.

"Na jambo la pili," akasema. "Umewahesabu waliokwenda. Waliorudi umewahesabu?"

"Hawapo, mwalimu."

"Mimi nilisoma bara miaka minne. Niko wapi?"

Alikuwa amesimama mbele yangu, ana chaki mkononi. Na kweli sikuwa nimemhesabu. Aliyerudi haitwi tena aliyerudi, mwanangu. Anaitwa mwalimu, anaitwa daktari wa kituo, anaitwa yule fundi wa majokofu anayekopa nyavu za baba. Tunawazoea, wanaingia katika unga, hatuwaoni. Tunaowaona ni wale ambao viti vyao vitupu. Nilikuwa nimeusimamisha ukweli kwa mguu mmoja, nikauita sayansi, nikaupeleka posani.

Hilo ndilo kosa langu, na nataka ulijue lilivyo. Mama yangu anadhani kosa ni kusema kweli mahali pa adabu. Mimi naona kosa ni kwamba haikuwa kweli yote. Ingelikuwa kweli yote ingelikuwa na adabu ndani yake.

Alhamisi iliyopita nilimwomba baba anivushe. "Unakwenda kufanya nini, mama?" akauliza. Nikamwambia nakwenda kusahihisha. Akasema, "Chukua na mkate." Nikamwambia safari hii siendi na kitu cha kuumuka.

Bi Time alikuwa ukumbini peke yake, na Saada pembeni anachambua mbaazi. Nilimpa mkono, nikapiga magoti, nikaomba radhi. Kisha nikamweleza mvutano, na zabibu zilizoshikana, na Mwalimu Nassra na chaki yake. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza mara ya kwanza.

"Wewe unadhani nilikasirika," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Mie nilipoolewa, mama mkwe alikaa pale ulipo. Bibi yangu akamuuliza lile lile. Mume wangu alikuwa akenda kufanya kazi ya meli. Mama mkwe akasema, 'Atarudi, inshallah, na asiporudi ntakuja mwenyewe.' Kwa sauti nzuri. Mkate ukakatwa." Akakung'uta ganda la mbaazi lililoangukia ukaya wake. "Basi alikuja yeye. Kakaa hapa miaka kumi na saba, hapendi chumvi. Mwanawe sikumwona tena."

Saada akacheka, akainamisha kichwa kwenye ungo.

"Mwaka huu ndo mara ya kwanza mama mtu kunambia anachokijua," akasema Bi Time. "Nikaogopa. Mtu akizoea uongo wa kistaarabu, kweli inamvunja miguu. Nikafunika sinia nipate pa kufikiri. Nyinyi mkaondoka nalo, mkenda mkala."

"Aliyekula ni yeye mwenyewe, bibi. Vipande vinne."

Hapo alicheka mpaka akashika mbavu, na Saada akalazimika kumletea maji.

Alipotulia akauliza, "Na huo mvutano, unaupima kwa rula?"

"Hapana, bibi. Unajulikana kwa namna kitu kinavyokwenda."

"Basi mie sina umri wa kungoja kuona kinavyokwenda. Muulize mwenyewe. Akujibu kwa mkono wake, na wewe uje uniambie kwa kinywa chako, kama mamake. Ukija na jibu, njoo na sinia. Usije na nadharia."

Saada alinisindikiza mpaka kwenye boti. Njiani akasema jambo ambalo ninyi wanaume na sisi wenye masinia hatukulifikiria. "Wote wanauliza kama atarudi. Mie hakuna aliyeniuliza kama atanikuta. Nimeomba chuo cha uuguzi Unguja." Nikamwambia kwamba hilo limo katika sayansi, kwamba kila zabibu huona ni nyingine inayokwenda. Akasema, "Basi mwambie asijibu kunifurahisha mie, na asijibu kumfurahisha bibi. Ajibu kama anavyojibu mtihani." Kisha akasema, kwa sauti ambayo nadhani hakutaka niiandike, "Lakini ajibu." Nimeiandika, kwa sababu niliahidi yote.

Mwanangu, jua limeshuka kwenye mikarafuu na mama ananiita nikakune nazi ya chakula chako cha mwisho hapa. Nina maneno machache yaliyobaki.

Sikumjua Bi Mize. Jina lake nimelivaa kama kanzu ya mtu mzima, nikikanyaga pindo. Nimewahi kufikiri ilikuwa ni mzaha wa watu wazima, kumwambia mtoto wa miaka mitano kwamba mama yake ni yule mchanga aliyelala pale. Lakini nilipofundishwa lile joto la mwanzo, dogo sana, ambalo halikuisha bali lilitapakaa kila upande, niliacha kufikiri hivyo. Ulikuwa na miaka mitano, ulikuwa na baridi, na ukapewa uvuguvugu uliopatikana. Sikufanya lolote ila kurusha mguu. Hata hivyo ulikwenda pwani na ulirudi, kila siku, miaka yote ile, na kila uliporudi ulikuja kunambia umerudi. Ushahidi huo nilikuwa nao, na ndio niliousahau.

Na nikwambie la siri yangu. Nami nataka kwenda, Mungu akijaalia nikafaulu, nikasome habari za nyota mpaka pale walipoishia. Baba amesema hasemi ndiyo wala hapana. Amesema atakutazama wewe kwanza. Silitaji hili kukutia uzito. Nimelitaja kwa sababu linanihusu na nimeahidi.

Ukifika Unguja, kabla ya kupanda boti ya bara, tafuta karatasi. Usinitumie ujumbe wa simu, maana Bi Time hataamini maandishi ambayo hayana mkono wa mtu, na simu ya baba husomwa na Kengeja nzima. Mpe barua yeyote anayerudi na meli ya Mkoani. Andika inshallah mwanzo, kwa sababu ndio haki yake, lakini usiishie hapo. Inshallah hiyo hata mimi nilikuwa nayo, na nikashindwa kuitumia. Ukiwa hujui, andika hujui, nitakwenda nalo hivyo hivyo na nitapiga magoti tena. Sinia nimelisugua, liko juu ya kabati, na mama amekubali kuoka. Nilichobakiza kukuuliza ni kile nilichoulizwa mimi, nami nakiuliza sasa bila rula mkononi.

Mwanangu Shaame, utarudi?

Mamako,
Mize